Punje ya Kumi

Woodbridge, Virginia

Jumatatu, 7 Novemba 2005

Daftari hili nimepewa na mjukuu wangu Queen, ana miaka tisa. Juu lina picha ya farasi mwenye nywele za waridi, basi mtu asinicheke. Nimeamua kuandika kwa sababu ukikaa mchana kutwa bila kusema na mtu, jioni ulimi unakuwa mzito.

Leo natimiza wiki mbili. Mwanangu Godlisten ametoka alfajiri kwenda Washington, anasimamia maegesho ya magari chini ya jengo moja huko. Mkewe Benadetha yuko Annandale. Anawaogesha na kuwalisha wazee wa watu, halafu jioni anasomea unesi chuoni hukohuko. Wazee wa watu wanaogeshwa, mzee wa kwao anahesabu magari dirishani. Sisemi kwa ubaya, nasema tu.

Niandike na kilichonileta, nisije nikasahau kwa uvivu. Mume wangu Eliudi alifariki mwezi wa saba. Pasaka tutamjengea kaburi kwa saruji na kumwekea msalaba, pale kihambani kwetu, shamba la ukoo, Machame. Godi ni mtoto wetu wa pekee na hakuja kuzika. Alisema makaratasi yake hayajakaa sawa. Ukoo umeshasema ya kusema. Basi nimekuja na rekoda ndogo ya marehemu na kanda mpya. Nataka nirudi na sauti zao, Godi na mkewe na mtoto, wakisema Zaburi ya Mchungaji pamoja, kwa moyo, bila kitabu. Nitaiweka juu ya kaburi, watu wasikie kwamba Eliudi ana watu wake. Nina mpaka tarehe 18 Machi, siku ya kurudi. Nimefundisha shule ya Jumapili miaka thelathini na tano, watu watatu watanishinda?

Jumanne, 8 Novemba

Wote mezani kwa mara ya kwanza. Nimetoa kopo langu la maharage. Ninavyofundisha ni hivi: kila kipande cha zaburi kina punje yake, ukisema kipande unahamisha punje kutoka kopo kwenda kikombe. Ukiona kopo limebaki tupu, umemaliza. Watoto wa Machame wote wamepita kwenye kopo hili.

Benadetha alicheka. "Mama, mimi nimekulia kwenye rozari, kuhesabu punje nimezoea." Msichana mwema, ingawa alizaliwa Mkatoliki. Queen alitaka kujua kwa nini bwana wa mtu awe mchungaji, yaani mume fulani anaendesha usharika. Nikamweleza kuhusu Bwana mwenyewe na kuhusu kondoo. Akajibu kwa Kiingereza kirefu, nikashika neno moja tu, "okay".

Godi alisema anakwenda kuangalia taa ya gari. Hakurudi mpaka tumeshaosha vyombo.

Ijumaa, 11 Novemba

Hakuna. Upepo tu.

Jumapili, 13 Novemba

Punje nne. Godi simu.

Jumapili, 20 Novemba

Punje sita. Godi choo. Nusu saa chooni, jamani, mtu mzima na afya yake.

Alhamisi, 24 Novemba

Sikukuu yao ya bata mzinga. Ndege mkubwa vile na hana ladha, nyama kavu mpaka unatafuta maji. Nilidhani leo nimempata Godi, maana hakuna kazi na hakuna gari la kuangalia. Nikamwambia aanze yeye, sisi tutafuata. Akasema, "Mama, mwache Queen aseme. Mimi nimeisahau."

Ameisahau! Mtoto aliyeijua kabla hajang'oka jino. Nilikuwa naye jikoni akiwa na miaka sita, nachambua mchele, yeye anasema zaburi nzima huku anakanyaga maganda. Nikajibu tu kwamba viazi vimepoa. Lakini niliumia.

Jumatatu, 5 Desemba

Theluji. Nimeishika. Baridi, halafu haipo.

Jumatano, 7 Desemba

Nimepata mtu! Nyumba ya chini yetu anakaa mama wa Unguja, Bi Ummu, amekuja kwa binti yake naye amefungiwa kama mimi. Tulikutana kwenye mashine za kufulia, akanisikia naigombeza sabuni. "Ah, kumbe Mswahili mwenzangu!" Alinivuta kwake nikanywa chai ya tangawizi na visheti. Nimezungumza mpaka koo likakauka.

Nikamwonyesha kopo. Akanisimulia alivyohifadhi msahafu akiwa binti mdogo chuoni kwa maalim wao. "Ukiruka neno moja, Bi Dorothea, moja tu, maalim hasemi kitu. Anakutazama. Unajua weye mwenyewe, unarudi mwanzo." Nikasema naam, ndivyo inavyotakiwa. Nikageuza mazungumzo, nikauliza bei ya nazi.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Tulikwenda Maryland kwenye ibada ya Kiswahili. Ukumbi wa kukodi, watu wa Moshi, wa Kisumu, wa Bukavu, kila mtu na Kiswahili chake. Queen alisema zaburi mbele ya watu wote. Hakukosea hata mahali pamoja. Mama mmoja Mkenya alimkumbatia: "Huyu mtoto ako sawa kabisa! Nani amekufunza?" Queen akaninyooshea kidole mimi. Mwenyewe nilijiona nimenenepa.

Mzee mmoja wa Marangu alinitazama kwa muda, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Nikamsalimia haraka nikaenda kwenye pilau. Godi wakati wote alikuwa nje anapasha gari moto.

Jumatano, 4 Januari 2006

Kimya. Bi Ummu ana mafua. Nimeongea na jokofu.

Jumamosi, 7 Januari

Leo mtoto amenibana. Ametoka chumbani na Biblia yake ya Kiingereza, ameweka kidole. "Bibi, umeskip."

"Nimefanya nini?"

"Umeskip hapa. Kuna sticks mbili. Wewe huna sticks."

Mwenzenu nilikuwa nakuna nazi. Nikamwambia, bila hata kuinua kichwa, kwamba Kiswahili hakina kipande hicho. Mimi, Dorothea, mwalimu wa shule ya Jumapili, nimemdanganya mtoto juu ya neno la Mungu kwa sababu ya vijiti viwili. Nazi ikaingia damu, nimejikata kidole.

Kopo langu lina punje kumi na nne. Zinatakiwa kumi na tano.

Jumapili, 15 Januari

Siku mbaya. Niandike yote.

Godi alikuwa mezani, kwa mara ya kwanza alikaa. Alikuwa amechoka, nadhani hakuwa na nguvu ya kutafuta sababu. Nikaweka kopo, Benadetha akaanza. Basi Queen akainuka, akaenda kwenye rafu, akaja na Biblia ya Kiswahili, ile niliyompa Godi alipopata kipaimara. Alikuwa ameshaweka alama kwa karatasi ya pipi. Akasoma polepole, anatafuna silabi, kile kipande cha kumi: "Gongo lako na fimbo yako vyanifariji." Kisha akauliza, "Daddy, gongo ni nini?"

Kwa asiyetujua nieleze. Gongo la zaburi ni rungu la mchungaji, la kufukuzia simba na fisi. Lakini kwetu, ukisema gongo, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua ni ile pombe ya kupika kwa siri, inayopofusha watu. Na Eliudi, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa gongo. Si mbege ya heshima unayokunywa na wazee chini ya migomba. Gongo. Alilala mitaroni, usharika mzima ukimruka kwenda ibadani.

Godi aliweka kijiko chini. Hakukitupa, alikiweka vizuri kabisa kando ya sahani. Akasema, "Muulize bibi yako. Ndiye aliyekitoa." Akachukua koti akatoka.

Queen alianza kulia, anadhani kasema tusi. Nilimwambia hajasema tusi. Sikumwambia zaidi.

Jumatatu, 16 Januari

Amerudi, amekwenda kazini, amerudi. Shikamoo, marahaba. Basi.

Alhamisi, 19 Januari

Benadetha alikaa kitandani kwangu ananikata kucha. Nikamwambia yote ni makaratasi, Godi angemzika baba yake asingekuwa na roho hii. Yule mtoto wa watu akasimamisha mkasi.

"Mama, nisikufiche. Makaratasi yake yamekaa sawa miaka miwili sasa. Tiketi tulishakata. Asubuhi ya kuondoka akakaa kwenye kochi na viatu vyake mkononi, akasema hawezi."

Nilimpa mguu wa pili.

Ijumaa, 20 Januari

Nilisimama mbele ya jeneza peke yangu. Peke yangu! Wanaume wa ukoo wananiuliza mtoto yuko wapi, nani atatupa udongo wa kwanza, na mimi nasema makaratasi, makaratasi, kama kasuku. Na yeye amekaa kwenye kochi. Nina hasira, nimeyapika makande yameungua, na nimewapa hivyohivyo wakala.

Jumapili, 22 Januari

Sikutoa kopo.

Jumapili, 29 Januari

Sikutoa kopo. Queen aliuliza, nikasema mgongo.

Jumatano, 1 Februari

Nilimsimulia Bi Ummu habari ya kochi, na ya kipande nilichokitoa. Nilitaka amlaani kidogo, nijisikie vizuri. Akazungusha kikombe chake. "Na weye kwani vipi, Bi Dorothea? Kile kijineno ulikitoa kwa nini?"

Nikasema nilimsitiri mume wangu.

"Ulimsitiri yeye, au ulijisitiri weye?"

Nimerudi juu bila kumaliza chai. Wazanzibari wanajua kukuchoma kwa sauti laini.

Jumapili, 12 Februari

Theluji tangu jana, imekaribia magoti. Barabara zimefungwa, hakuna kazi wala chuo wala kanisa. Wote tumo ndani, na hakuna anayemtazama mwenzake. Saa tano Godi alishuka na koleo kulifukua gari ambalo haliendi popote. Nikavaa koti la Benadetha na viatu vya Queen vya mpira, vinabana, nikamfuata. Pale chini kimya, unasikia koleo tu.

Nikamwambia, "Makaratasi yako yana miaka miwili."

Akaendelea kuchota. Halafu akasema, mgongo amenipa, "Mama, unaikumbuka Sikukuu ya Mikaeli na Watoto?"

Nitaisahauje! Mwaka sabini na nne. Alikuwa na miaka saba, kaptula ya kijani niliyoishona mwenyewe. Eliudi alikuwa hajaonja wiki tatu. Alioga, akavaa koti, akaja kanisani kumsikia mtoto wake, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Godi akasimama mbele. Akasema vizuri, kipande kwa kipande, kwa sauti iliyofika mpaka darini. Akafika kwenye gongo, kwamba linamfariji. Kanisa lote likacheka. Wazee wa kanisa wakacheka, wanakwaya wakacheka, mwinjilisti akajifunika na kitabu. Eliudi akainuka akatoka. Hakuingia tena kanisani miaka thelathini na moja, mpaka alipoingizwa na watu wanne.

"Nakumbuka," nikamwambia. "Watu wabaya. Walimcheka baba yako."

Akageuka. Uso wake ulikuwa wa yule mtoto, nakiri.

"Nilikutafuta wewe, Mama. Nilikuwa nimesimama pale sijui nimekosea nini, nikakutafuta wewe. Umeweka kitambaa mdomoni. Mabega yanatikisika."

Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema nilikuwa nalia. Hivyo ndivyo nimemwambia kila mtu, hata mchungaji, hata mwenyewe nikiwa nasali. Nilimtazama mwanangu na koleo lake.

"Nilicheka," nikasema. "Ilinitoka."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. "Mimi ndiye niliyemtoa Baba kanisani. Kwa mdomo wangu. Ningekujaje kusimama mbele ya watu walewale?"

Nilitaka kumshika. Theluji ilikuwa katikati yetu na vile viatu havinyanyuki. Akasema, "Ingia ndani, Mama, utaugua." Akainama tena.

Nimeingia. Naandika hapa kwa sababu sijawahi kuliandika popote. Nilicheka. Kwanza nilicheka kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha, na pili kwa sababu nilikuwa nimechoka na Eliudi na nilifurahi, dakika ile moja, kwamba si mimi peke yangu ninayemwona alivyo. Jumapili iliyofuata nikatoa punje moja kwenye kopo. Mtoto akabaki nayo yeye.

Jumatatu, 13 Februari

Nimelala mchana kutwa.

Jumamosi, 18 Februari

Nilimwita Queen. Nikamwambia bibi yake alisema uongo, Kiswahili kina hicho kipande, na gongo lina maana mbili. Nikamweleza zote, na habari za babu yake pia, bila kupaka sukari. Alisikiliza kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa Kiswahili, kibovu lakini chake, "Babu alikuwa mtu mbaya?"

Nikasema hapana. Alikuwa akichonga miiko mizuri. Alikuwa anaogopa radi. Mwaka jana, siku zake za mwisho, aliniuliza kama Godi bado anaijua ile zaburi.

Mtoto akaenda jikoni akaja na haragwe moja, akalitia kwenye kopo. Tukarudi mwanzo.

Jumapili, 26 Februari

Punje kumi na tano. Benadetha, Queen, mimi. Godi alikuwa kwenye kochi, mgongo kwetu, televisheni imezimwa.

Jumapili, 5 Machi

Godi amebadilisha zamu. Sasa Jumapili anafanya kazi.

Alhamisi, 9 Machi

Jua. Bi Ummu anarudi Unguja Jumatatu, kabla yangu. Amenipa udi, mimi nimempa kahawa ya nyumbani. Tuliagana kwenye mashine za kufulia, na wote wawili tulijifanya tunatafuta soksi.

Jumapili, 12 Machi

Nimerekodi. Nilimsubiri Godi mpaka saa kumi na mbili, nikaona basi, mtu hashikwi mkono kwenda kusali. Sauti tatu. Kwenye kipande cha kumi Benadetha alipunguza sauti kidogo, kwa heshima, na Queen aliipandisha. Nilisikiliza tena peke yangu kwenye kiti cha dirishani. Ni nzuri. Ina wanawake watupu.

Jumamosi, 18 Machi

Dulles, nasubiri ndege

Naandika haraka.

Queen na mama yake niliwaaga nyumbani. Godi akanileta. Kwenye barabara kuu magari yamesimama, sijui ajali sijui nini. Amezima redio. Mikono yote miwili kwenye usukani, anatazama mbele, akaanza.

Kwanza sikutambua ni nini, alianza kwa sauti ya chini sana. Rekoda iko ndani ya sanduku kubwa, sanduku liko nyuma, ningefanyaje? Kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilikuwa nahamisha punje kwa vidole vyangu kwenye gauni, punje hazipo. Hakuwa amesahau hata herufi. Alipomaliza cha tisa akanyamaza.

Magari ya mbele yalisogea, sisi hatukusogea. Mtu wa nyuma akapiga honi. Nilijua cha kusema, nimekijua maisha yangu yote, lakini sikumsaidia, kilikuwa chake. Nikatuliza mikono yangu mapajani, aione, mdomo wangu usiwe na cha kuufunika.

Akakisema. Sauti ilipasuka kwenye gongo, akalirudia, akakimaliza. Aliponigeukia kunitazama sikuwa na kitambaa usoni, nilikuwa na machozi tu, na aliyaona ni machozi. Tukasema kilichobaki pamoja, honi zinapigwa nyuma yetu.

Kwenye ukaguzi waliniambia nitoe kila kitu mfukoni. Nikatoa haragwe. Sijui Queen alilitia saa ngapi. Kijana wa ukaguzi alilitazama pande zote, akaniuliza ni kitu gani, na kwa Kiingereza changu chote nikamwambia, "Bean." Akanirudishia.

Kabla ya hapo, pale mwisho wanaporuhusu wasindikizaji, Godi aliinama, akanikumbatia mpaka kilemba kikaenda upande. Akaniambia sikioni, "Mama, mwambie Baba sikukosea. Ndivyo ilivyoandikwa."

Nikasema nitamwambia. Na langu la kucheka nitamwambia, mbele ya watu.